Mtoto Aliyeamkia Friji

Vijana wangu mnaoanza kazi ya uuguzi wa watoto, hamjambo. Nimeombwa niwaandikie maneno machache ya hekima kwa kuwa nimestaafu. Hekima sina. Nilikuwa nayo kidogo, nikaisahau kwenye droo ya kliniki pamoja na mkasi wangu mzuri, na niliporudi vyote viwili vilikuwa vimepata wenyewe. Nilichobaki nacho ni mdomo, na hapa Kiwalani ndege zinapopita juu ya bati zetu mtu analazimika kusema kwa nguvu, kwa hiyo mtanivumilia.

Naitwa Theodora, ila kazini nilikuwa Sista Tedi. Miaka yangu ya mwisho niliimalizia kwenye kliniki moja ya magonjwa ya ubongo ya watoto, kwenye utafiti wa kifafa cha watoto wachanga. Msifikirie kile kifafa cha kuanguka na kutoa povu, ambacho kila mtu wa mtaani ni bingwa wake. Hiki ni kingine. Mtoto wa miezi michache anaamka usingizini, mara anajikunja ghafla, kichwa kinainama, mikono inaruka juu, kisha anaachia. Anatulia kidogo, anarudia. Anatulia, anarudia. Sisi kliniki tulizoea kuita spazimu. Majirani wanaita chango, gesi, meno, kushtuka au kijicho, inategemea nani kafika kwanza barazani. Utafiti wa majirani una raha yake: hauombi kibali, haukosi jibu, na haujawahi kukosea hata siku moja.

Ubaya wa spazimu ni kwamba hazina kishindo. Mtoto hazimii, haumwi homa, hatoi povu. Anakunjika tu mara kadhaa, analia kidogo, ananyonya, anaendelea na siku yake. Halafu unashangaa mbona hacheki tena. Shingo iliyokuwa imekaza inalegea. Unapitisha mkono mbele ya macho yake, hayaufuati. Kila wiki inayopita bila dawa inaondoka na kitu cha mtoto, na kukirudisha ni kazi ambayo mara nyingi haiwezekani. Hilo nalisema bila utani. Utani wenyewe unafuata.

Utafiti wetu ulikuwa na maswali mawili: nini kinasababisha, na dawa gani inawafaa watoto wa kwetu, ambao wanatufikia wakiwa wamechelewa. Tulianza kwa kishindo. Tulikuwa na vyumba, mashine ya kupima umeme wa ubongo na fulana zenye nembo. Tukawapangia akina mama waje asubuhi mapema, kwa sababu wataalamu tunapenda asubuhi. Watoto walifika wakiwa macho, wameoga, wamevaa soksi, wanatutazama. Tukawatazama. Hakuna aliyekunjika. Mama anaapa kuwa nyumbani mtoto anakunjika kutwa, sisi tunaandika kwamba hakuna kilichoonekana, na kumtuma arudi nyumbani akiwa na aibu ya mtu aliyesema uongo.

Aliyetuokoa alikuwa Sista Agripina, mkubwa wangu wa kazi, mwanamke mrefu aliyeongea kana kwamba maneno yanakatwa kodi. Siku moja alisimama mlangoni akatuangalia tunavyowakodolea macho watoto, akasema, "Hawa wanakunjika wakiamka. Nyie mmewaamsha wote." Akaondoka. Tangu siku hiyo tukaweka mikeka, tukafunga mapazia, tukawa tunawalaza watoto na kusubiri waamke. Wageni waliokuja kukagua utafiti walikuta wauguzi watu wazima wamekaa sakafuni kimya, wakiangalia watoto wanakoroma. Sijui waliandika nini kwenye ripoti yao.

Kisha likaja suala la nazi. Mama wa pwani, na hata wa bara aliyekaa Dar mwaka mmoja, hampeleki mtoto hospitali bila kumpendezesha. Atamkanda mafuta ya nazi kichwani mpaka mtoto ang'ae, atamtia wanja kwenye paji la uso kuzuia macho mabaya, atamfunga kilemba juu yake. Sasa wewe unatakiwa kubandika vile visahani vya waya kwenye hicho kichwa. Vinateleza. Ukikibandika kimoja hapa, kinashukia sikioni. Mashine inachora mistari ya ajabu, na daktari wetu, kijana mwerevu tuliyemwita Dokta Miwani kwa sababu aliitafuta kila siku na ilikuwa usoni, anashusha pumzi, "Sista, huu si ubongo, huu ni mafuta." Basi jifunzeni hili kutoka kwangu: beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande vinatangulia mashine yoyote ya kigeni. Na unapomwosha mtoto, msifie kwanza alivyopendeza. Ukianza kwa kulalamikia mafuta, mama hatarudi, na hapo utabaki na kichwa safi cha nani?

Baadaye tukawa wajanja. Kila mtu ana simu, tukasema, mama apige video nyumbani atuletee. Mkazo ukawa kwenye video. Ee Mungu. Nimeletewa video za dari. Nimeletewa video ya dakika nyingi ya mtoto amefunikwa blanketi, unaona blanketi linatikisika. Binti mmoja wa Manzese aliniletea mwanawe akiwa amewekewa masikio ya sungura na maua yanayodondoka, na muziki wa singeli unapiga kwa chini. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba isiyo na sungura." Akanijibu, "Sista, isiyo na sungura haivutii." Kweli haikuvutia. Ilikuwa inatisha.

Ndiyo maana siku Rukia aliponionyesha video yake nilikaribia kumkumbatia, kabla sijaelewa ninachokiona.

Rukia alikuwa mama kijana wa Mtoni, ameolewa kwenye ukoo wa wenye maduka wenye asili ya Kiarabu, watu wa Kilwa Road tangu zamani. Mumewe alikuwa Maskati kikazi. Yeye aliishi na baba mkwe, Mzee Seif, nyuma ya duka la vitambaa, pamoja na bintiye Salha ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukaa kwa kuegemezwa. Alikuja kwa ajili ya chanjo, kwenye jengo la jirani, akaniona nimevaa fulana yenye picha ya ubongo, akanifuata mpaka kwenye korido.

"Shikamoo sista."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani, mie nina ishu ndogo tu. Hebu niangalizie hii. Nyumbani wananiambia naogopa ovyo."

Video ilikuwa nzuri kuliko zote nilizopokea katika utafiti ule. Mwanga wa mchana. Mtoto amevaa nepi tu, mwili mzima unaonekana. Anaamka, anajinyoosha, mara kichwa kinainama na mikono miwili inapanda. Sauti ya mzee inasikika nyuma ya simu, imejaa furaha: "Marahaba! Marahaba mjukuu wangu!" Mtoto anatulia. Anakunjika tena. "Marahaba! Mnaona? Mnaona adabu hiyo?" Na tena, "Marahaba!" Kila mkunjo ulipata jibu lake.

Nikamuuliza Rukia nani kapiga. "Baba mkwe. Kaituma kwenye grupu la ukoo. Maskati wameiona, Unguja wameiona. Watu wanakuja nyumbani kuamkiwa." Akashusha sauti. "Lakini sista, siku hizi hacheki. Nikimwita haniangalii. Nikisema, naambiwa mtoto mwenye heshima hachekicheki."

Mnaona, wataalamu wangu? Tulikuwa tumetumia miezi kuwafundisha watu kupiga picha ya ugonjwa, na video bora kuliko zote ikapigwa na babu anayejivunia. Dokta Miwani aliiangalia mara mbili, safari hii miwani ameivua mwenyewe, akasema mtoto aje kesho apimwe. Kesho Rukia hakuja. Kesho kutwa hakuja. Nilipompigia, simu yake akapokea Mzee Seif. Aliongea kwa upole kabisa, upole wa mwenye duka anayekwambia kitambaa hicho kimekwisha.

"Sista, tumekuelewa. Mjukuu wetu mzima. Ukoo wetu hauna kifafa, haujawahi kuwa nacho, na hatutakianzisha kwa sababu ya simu."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa na hotuba nzima tayari kinywani, yenye takwimu. Sista Agripina akaninyang'anya simu akaikata. Akasema, "Ukimshinda kwa maneno, mtoto atabaki kwake." Nikamuuliza basi nifanye nini. "Nenda ukaamkiwe."

Nikaenda Mtoni. Niliacha fulana ya ubongo, nikavaa gauni langu la kanisani na kujitanda khanga, nikabeba mkate wa mofa wa kupelekea wenyeji. Mzee Seif alinipokea vizuri. Watu hawa, hata wakikuchukia, huwezi kutoka kwao na njaa. Nikanywa kahawa, nikala halua, nikasifu duka. Salha alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni, feni inampepea. Rukia alisimama kwenye mlango wa jikoni, anaikunja ncha ya mtandio wake na kuikunjua.

"Subiri aamke," mzee akaniambia, macho yanang'aa. "Utaona mwenyewe. Sie tuliolea watoto wengi hatujaona kitu kama hiki. Akifungua macho tu, ananiamkia."

Nikamwambia, "Mzee wangu, nimekuja kwa ajili hiyo. Ila nina ombi. Leo mnyime. Tukae nyuma ya pazia, asimwone mtu. Tuone kama atakutafuta."

Akacheka. Wazo lilimpendeza. Babu gani hataki kutafutwa? Tukasimama watatu nyuma ya pazia la mlango, yeye mbele, mie kwenye bega lake la kushoto, Rukia nyuma yetu. Palikuwa kimya ila feni.

Salha akaamka. Akajinyoosha. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, palipokuwa na friji kubwa jeupe lenye kitambaa cha kufuma juu. Kichwa kikainama, mikono ikapanda.

"Mara..." mzee akaanza kwa kunong'ona, akaishia hapo.

Mtoto akaachia. Akakunjika tena, kwa lile lile friji. Akaachia, akatoa kilio kidogo. Akakunjika tena. Sasa hapakuwa na mtu wa kuitikia marahaba, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile kilio kile kilisikika chote. Kilikuwa kinakuja baada ya kila mkunjo. Kilikuwepo siku zote, kimefunikwa na shangwe.

Mzee Seif aliniuliza bila kugeuka, "Anamwamkia nani?"

Rukia ndiye aliyejibu. "Friji, baba."

Alibaki ameshika pazia mpaka mtoto alipotulia. Halafu akaingia, akapiga magoti kwenye mkeka, akamwinua Salha akamweka kifuani. Alimpitishia kidole mbele ya macho, huku na huku, kama nilivyokuwa nikifanya mie kliniki, na macho ya mtoto hayakukifuata. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu kwa haraka namna ile. Akasema, "Rukia, mvalishe mtoto." Kisha, "Na usimpake mafuta kichwani, huyu sista kasema." Sikuwa nimesema. Kumbe Rukia alikuwa amewapa maelekezo yote tangu siku ya kwanza, yakapuuzwa neno kwa neno.

Kipimo kilionyesha ule mvurugiko tuliokuwa tukiufahamu, mistari mirefu isiyosikilizana. Tukatafuta chanzo. Alilia mara tu alipozaliwa? Ndiyo. Alipata manjano? Hapana. Tukamvua nguo zote tukamkagua ngozi kwa taa maalumu, tukitafuta madoa meupe ambayo wengine huzaliwa nayo na ambayo hudokeza ugonjwa wa kuzaliwa unaoleta spazimu. Hakuna. Picha ya kichwa, safi. Damu, safi. Neno la kitaalamu kwa hali hiyo ni kwamba chanzo hakijulikani, na huwa linaandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko maneno mengine yote ya faili. Dokta Miwani alimweleza mzee kuwa mtoto wa namna hii, akiwahi dawa, ana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Mzee akauliza, "Na tumewahi?" Daktari akasema, "Hatujachelewa sana." Daktari mwema ni yule anayejua kusema hivyo bila kuchekacheka.

Majirani, wao, chanzo walikijua tayari. Wengine walisema Rukia alioga maji ya baridi akiwa na mimba. Wengine, kwamba alimpiga picha mtoto mno. Siku moja aliniuliza, "Sista, mie nilikosea wapi?" Vijana, swali hilo mtaulizwa na kila mama. Wekeni kila kitu chini, kaeni, mmwangalie usoni, mumwambie, "Hujakosea popote." Msitikise kichwa tu huku mnajaza sindano. Mimi nimewaona wanaotikisa kichwa.

Tukampa vidonge vya steroidi, dozi kubwa kwa muda mfupi, kisha kupunguza kidogo kidogo. Kuna dawa nyingine nzuri ambayo wakati ule kuipata Dar kulihitaji ndugu ulaya na sala ndefu, kwa hiyo hatukuitegemea. Steroidi ni dawa kali. Unampima mtoto presha, sukari, unachunguza kama hana kifua kikuu kilichojificha, unaahirisha baadhi ya chanjo. Mtoto anakuwa mkali kama mwenye nyumba, hataki kulala, anataka kula tu. Na anavimba mashavu.

Hapo kwenye mashavu ndipo tulipotaka kuanguka upya. Kokote kwingine duniani mama akiona mtoto kavimba kwa dawa ataogopa. Mtoni walishangilia. Shangazi mmoja akaja, akamfinya Salha, akasema mtoto kanawiri, maashallah, sasa ni mzima, dawa za nini tena? Vidonge vikawekwa juu ya friji lile lile, vikakaa. Kuziacha ghafla dawa hizi ni hatari, mwili unakuwa umesahau kutengeneza zake. Rukia akanipigia simu akiwa chooni ili asisikike. Niliomba kuongea na mzee. Nilikuwa na hotuba nyingine tayari.

Haikuhitajika. "Sista, nimeshaviona," akasema. "Kuanzia leo namnywesha mwenyewe. Na shangazi nimemwambia akitaka mtoto mnene wa kufinya, akazae." Shangazi mwenyewe ana miaka sabini.

Mikunjo ikapungua, ikakoma. Mnadhani nyumba ilifurahi? Rukia aliniambia kuwa mzee alikuwa anakaa kando ya mkeka mtoto anapoamka, anasubiri. Salha anafungua macho, anajinyoosha, basi. Hakuna kuinama, hakuna mikono. Mzee anashukuru Mungu, halafu anatoka nje kusimama dukani peke yake. Alimpoteza mjukuu mmoja ili ampate mwingine, na yule wa kwanza alikuwa na adabu sana.

Nisiwadanganye kuwa wote waliishia hivyo. Yule mtoto wa sungura na maua wa Manzese, tulimpa dawa ile ile, kwa upendo ule ule. Mikunjo ilipungua tu. Sasa ni mkubwa, mamake anambeba mgongoni, na akituona haonyeshi dalili ya kutujua. Naye binti yule hakukosea popote. Alizungushwa kwa chango na gesi mpaka muda ukaisha, na kwenye mzunguko huo sisi wa soksi na asubuhi mapema tulikuwa kituo kimojawapo. Ukiuliza kwa nini tulifanya utafiti, jibu ni yeye.

Mwezi uliopita nilikwenda Mtoni kununua kitambaa. Ukistaafu unapewa nafasi ya kuvaa nguo zisizo nyeupe, nami naitumia. Mzee Seif sasa anatembelea fimbo, bado ana ule upole wa dukani. Chini ya meza ya kukatia vitambaa alikuwepo binti mdogo, amekalia robota la vitambaa, anakata vipande vya khanga kwa mkasi wa babu bila ruhusa ya mtu. Alichelewa kutembea. Alichelewa kusema, na mpaka leo maneno yake si mengi, Rukia anampeleka mazoezini. Lakini niliponyoosha kitambaa kwenye mwanga, macho yake yalikifuata huku na huku.

"Salha," mzee akaita, "njoo umwamkie bibi."

Mtoto akaniangalia. Akanipima kuanzia viatu mpaka kilemba, akaona hakuna sababu.

"Sitaki!"

Akageuka na mkasi wake. Mzee Seif akaegemea meza, mabega yanatikisika, sikujua kama ni kicheko mpaka alipoinua uso, na hata hapo sikuwa na uhakika. Akawageukia wateja wote waliokuwa dukani, watu wasiomjua wala wasionijua.

"Mmemsikia?" akawaambia. "Mmemsikia? Mtoto huyu hana adabu hata chembe!"

Nami nikamwinamia Salha chini ya meza, nikamwitikia.

"Marahaba, mjukuu wangu."